Upepo Usiokwaruzwa

Wahubiri wetu, wa mimbari ya msikiti na wa mimbari ya kanisa, wameafikiana tangu zamani juu ya jambo moja ambalo hawakupata kukaa pamoja kulijadili, nalo ni kwamba ugumu wa dunia hii, yaani namna kila kitu kinavyokwaruzana na kingine, mguu na njia, jembe na udongo, nia ya mtu na nia ya jirani yake, ni upungufu, au adhabu, au walau mtihani wa muda. Na kwamba uzima ulio kamili, ule tunaoahidiwa baada ya kaburi, utakuwa mwororo kabisa, hauna kizuizi wala mkwaruzo. Sina ugomvi nao katika habari za ahera, kwani huko sijafika wala sina haraka. Lakini katika habari za dunia nina shaka, na shaka hiyo imeniingia kwa mlango ambao wanazuoni wa dini ni nadra kuupita, yaani elimu ya pepo na mvua.

Hewa hutoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mgandamizo mdogo. Hili kila asikilizaye taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni amelisikia hata masikio yake yamelizoea. Lau dunia ingekuwa imesimama kimya, safari hiyo ingekuwa ya moja kwa moja, na habari ingekwisha hapo. Walakini dunia inazunguka, na kwa sababu ya kuzunguka kwake kila kiendacho mwendo mrefu huonekana kupindishwa njia, upande wa kulia kwa wale walio kaskazini ya Ikweta, na upande wa kushoto kwetu sisi wa kusini. Tena kadiri mwendo unavyozidi ndivyo na kupinda kunavyozidi. Basi hewa iliyo juu sana, isiyogusa kitu, ikivutwa upande mmoja na mgandamizo mdogo na kupindishwa upande mwingine na mzunguko wa dunia, huishia katika suluhu ya ajabu, kwamba haiendi kule inakovutwa, ila hukizunguka kile kituo cha mvuto, leo na kesho na keshokutwa, pasipo kukikaribia. Mfano wake ni mbuzi aliyefungwa kamba, na mwenye kuishika kamba amesimama katikati ya uwanja akiivuta daima: maadamu mbuzi anakimbia kwa nguvu zake zote, kamba hukazana naye huzidi kuzunguka, akipunguza mbio, mvutaji humleta kwake hatua kwa hatua.

Kinachompunguzia mbio ni uso wa ardhi na wa bahari. Katika tabaka la chini, ambalo kimo chake ni kama kilomita 1, upepo hukwaruzana na mawimbi, na nyasi, na miti, na mapaa ya nyumba, nao hupoteza mwendo. Na ukipoteza mwendo, kule kupinda hulegea, ilhali mvuto haukupungua hata chembe. Kwa hiyo upepo wa chini huiacha njia ya mzunguko na kuingia ndani kwa mshazari, baharini kwa pembe ya digrii 10 hadi 20, na bara, penye misitu na vilima, hata kupita 30. Aliyeipigia hesabu siri hii ni Msweden Vagn Walfrid Ekman, katika makala yake ya mwaka 1905, na aliyemletea swali ni Mnorwe Fridtjof Nansen, ambaye chombo chake, Fram, kilishikwa na barafu ya kaskazini kati ya 1893 na 1896, naye kwa muda ule mrefu wa kukosa kazi nyingine akaona kwamba barafu inayosukumwa na upepo haiufuati upepo sawasawa, bali huenda kuliani kwake. Mambo ya bahari ya barafu, nami nayaandika kwa ajili ya watu wa migomba. Lakini hesabu ni ileile, tofauti yake ni kwamba kwetu hugeukia kushoto.

Sasa tazama yanayofuata. Hewa iingiayo kutoka pande zote haina pa kwenda ila juu. Ikipanda hupoa, mvuke uliomo hugeuka matone, na mvuke ugeukapo matone hutoa joto ulilokuwa umelificha tangu ulipotoka baharini. Joto huifanya hewa kuwa nyepesi, mgandamizo chini yake huzidi kupungua, mvuto huzidi, upepo huzidi, na mkwaruzo huleta hewa zaidi ya mwanzo. Mwaka 1964 wanachuoni wawili, Jule Charney wa Marekani na Arnt Eliassen wa Norwe, waliandika kwamba hivi ndivyo mtikisiko mdogo katika hewa ya nchi za joto, ambao pengine ungalikwisha kwa wingu moja na manyunyu, unavyokua ukawa kimbunga. Mkwaruzo, ambao kila fundi wa mashine anaujua kuwa mwizi wa nguvu na kila siku anaupaka grisi ili aukomeshe, hapa umekuwa mlishaji. Baadaye, mwaka 1986, Kerry Emanuel alileta hoja nyingine, kwamba chakula hasa cha kimbunga ni joto na mvuke ambao upepo unaunyakua kutoka baharini kwa kuipapasa na kuivuruga, si ule mkusanyiko wa hewa peke yake. Na tangu hapo wafuasi wa kauli hizi mbili wamebishana kwa ukali unaokaribia ule wa watu wa elimu ya kalam, yaani wanatheolojia. Mabishano yao hayatuhusu sana, kwa kuwa katika kauli zote mbili upepo hauna budi kukwaruzana na uso wa dunia ili ukue. Na katika kauli zote mbili mkwaruzo uohuo, kimbunga kikiisha kupanda bara na kukosa maji ya kunywa, ndio unaokila nguvu hata kikafa.

Upepo usiokwaruzwa, basi, ungekuwa mtiifu kabisa, na utiifu wake usingemfaa mtu. Ungelizunguka kila shimo la mgandamizo bila kuliziba, mawingu ya masika yasingepata hewa ya kuyainua, na bahari ingebaki na mvuke wake. Ukamilifu ule unaohubiriwa, wa viumbe kupita wasigusane, ukitiwa hewani unaondoa dhoruba, ni kweli, lakini unaondoa na mvua pamoja nayo, kwa kalamu moja.

Ambaye hataki kuamini vitabu na aende uwanda wa Himo, chini ya Mlima Kilimanjaro, mwezi wa Februari, wakati wa jua kali, akangoje kisulisuli. Hatangoja sana. Akikiona kimesimama juu ya shamba lililokwisha kuvunwa, asikitazame kule juu kinakowavutia watoto, atazame chini kwenye shina lake. Ataona maganda ya mahindi yaliyo juu hewani yakizunguka na kuzunguka bila kusogea ndani, lakini yale yaliyo chini kabisa, yanayoburuzwa juu ya udongo, yanakimbilia kwenye shina la kisulisuli kama yaliyoitwa, yakifika yanainuka ghafla. Kisulisuli ni kidogo mno, mzunguko wa dunia haukijui, na mbio zake zenyewe ndizo zinazoisukuma hewa isiingie. Lakini pale chini ardhi inapozikata mbio hizo, mlango hufunguka. Vumbi lote lile jekundu, linalotufanya tujifunike uso kwa khanga na kanzu, limeingia kwa mlango huo.

Nimeanza na upepo kwa sababu upepo ndio uliosingiziwa zaidi katika dini. Tarehe 15 Aprili 1872 Unguja ilipigwa na kimbunga kisichozoeleka katika bahari ile. Sayyid Barghash bin Said alikuwa na mwaka mmoja na nusu tu katika kiti cha usultani. Merikebu zake zilivunjwa bandarini, na mikarafuu ya kisiwa, theluthi mbili kwa hesabu inayotajwa na wengi, iling'olewa au kukatwa. Pemba, iliyo mwendo mfupi wa tanga upande wa kaskazini, ilisalimika. Ng'ambo ya mlango wa bahari, Bagamoyo, mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamefungua misheni mwaka 1868, na kando yake kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Na majengo yao nayo yalilazwa chini.

Mwenye kutaka kusoma hukumu ya Mungu katika tufani hiyo hakosi herufi za kuanzia. Karafuu za Unguja zilipandwa na kupaliwa na kuvunwa kwa mikono ya watumwa, na bandari ile ndiyo iliyokuwa soko lao. Ni nani asiyeweza kusema kwamba kilio chao kilifika mbinguni na jibu likaja kwa upepo? Lakini anayesoma na asome mpaka mwisho wa ukurasa. Kijiji cha waliokombolewa kilipigwa, na mashamba ya Pemba yaliyolimwa na watumwa yakabaki yamesimama. Bei ya karafuu ikapanda, wenye mashamba wakahamishia tamaa yao Pemba, na watumwa wakazidi kupelekwa huko, katika miaka ileile ambayo mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ulikataza biashara yao baharini. Kama hii ilikuwa hukumu, basi hakimu aliwapiga walioachiwa huru na kuwatajirisha walioshika minyororo, na sijui mhubiri gani, wa dini yoyote, atakayethubutu kuimalizia khutuba yake hapo. Kilichokuwa ndani ya kimbunga ni joto la maji ya bahari, mzunguko wa dunia, na uso uliokwaruza. Kati ya hivyo vitatu hakuna hata kimoja kinachoweza kutofautisha mtumwa na bwana.

Shirika lilelile la Bagamoyo ndilo lililopanda hadi Kilema, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont, pamoja na Padri Alexandre Le Roy na Padri Auguste Gommenginger, walifika huko wakapokewa na Mangi Fumba, na misheni ikasimama, na katika bustani yake ikapandwa kahawa ambayo watu wa Kilema, kwa fahari ambayo si ya bure, huihesabu kuwa ya mwanzo mlimani. Miaka zaidi ya arobaini kabla yao Mangi Masaki wa Kilema alikuwa amempokea Johannes Rebmann, yule aliyeandika mwezi wa Mei 1848 kwamba ameona theluji karibu na Ikweta, na bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kuuona mlima hata siku moja, akambishia kwa miaka mingi. Wageni hao wote waliwakuta watu wenye dini yao. Mungu waliyemwita Ruwa alikuwa mwema, na taabu za kila siku, maradhi na ukame na ng'ombe kufa, aghalabu hawakumhesabia yeye. Waliziuliza kwanza kwa mizimu ya ukoo, ambao, kama walivyokuwa wangali hai, walikuwa wepesi wa kununa. Sisemi kwamba walikuwa na elimu zaidi ya mapadri. Nasema tu kwamba hawakuwa na haraka ya kuitia kila tufani sahihi ya Mungu, na kwamba haraka hiyo wajukuu wao wamejifunza baadaye, kanisani na msikitini.

Na Kilema ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili, kwa kuwa iko digrii 3 na sehemu tu kusini ya Ikweta, na vimbunga havizaliwi karibu na Ikweta chini ya digrii 5 hivi, mahali ambapo mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuupinda upepo vya kutosha. Mbuzi wetu hapa haendi mduara, akivutwa anakuja. Kinachomzuia asije kwa mbio zote ni mkwaruzo, na mlima.

Huo mlima unainuka kutoka uwanda wa Himo hadi mita 5,895 za Kibo. Alfajiri Kibo huonekana chote, cheupe, na Mawenzi ubavuni mwake. Jua likiisha kuchoma mabonde, hewa ya chini hupata joto na kuanza kuukwea mteremko, na yapata saa nne wingu la kwanza huwa limekwisha kujikusanya juu ya msitu. Adhuhuri mlima haupo. Usiku hewa iliyopoa hushuka kwa mabonde yaleyale, na mwenye dirisha bovu huijua. Hiyo ni kawaida ya kila siku. Masika yanapoingia, na kusi kuanza kuleta hewa ya bahari iliyoshiba mvuke, hewa hiyo hupita nchi tambarare kwa mwendo wake hata ikafika kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya wenyeji, na hapo hupunguzwa mbio na mringaringa na mgrivea, kisha migomba, kisha mibuni, na juu yake msitu. Inayotoka nyuma inaikuta ya mbele imechelewa, nayo, kwa kukosa pa kupita, huinuka, na mteremko nao unaisukuma juu. Mji wa Moshi hupata mvua isiyofika milimita 1,000 kwa mwaka. Msituni, kwenye kimo cha mita 2,200 hivi, hupita 2,000. Na kileleni ni kidogo tena. Upande huu wa kusini ndio uliobarikiwa, na wa kaskazini, unaoelekea Kenya, ni mkavu. Sijasikia mtu akisema kwamba watu wa upande wa kaskazini wametenda dhambi zaidi.

Ukiingia kihambani baada ya siku za upepo, tazama jani la mgomba. Linapofunguka mara ya kwanza ni zima, pana, linang'aa. Upepo ukilipiga mara chache tu huchanika, na huchanika kwa utaratibu, kwa kufuata mishipa yake ya pembeni, hata likawa nyuzinyuzi zinazoning'inia kutoka kwenye uti wa kati. Mgeni hudhani mmea umeharibika. Kumbe jani zima ni tanga, na tanga lisilo na nahodha wa kulikunja huangusha mlingoti. Jani lililochanika huupisha upepo, na kila utepe unaendelea kunywa jua kwa nafasi yake. Mgomba wenye mkungu mzito bado hauaminiwi, ndiyo maana wenyeji huuegemeza kwa mti wenye panda. Lakini usiobeba kitu husimama kwa sababu umekubali kuchanwa. Mmea huo umeumbwa kwa ajili ya dunia yenye mkwaruzo, na dalili zake ziko katika mishipa ya jani kabla upepo haujafika.

Hapa atatokea mtu wa dini, naye ana haki ya kutokea, aulize: ikiwa mvua huletwa na mkwaruzo, Mwenyezi Mungu amebakiwa na nini? Swali hili ni kongwe kuliko elimu ya hali ya hewa. Imamu Ghazali, katika kitabu alichokitunga mwaka 1095 kuwaraddi wanafalsafa, alishika kwamba moto hauunguzi pamba. Mungu ndiye anayeumba kuungua pale moto na pamba vinapokutana, na sisi kwa mazoea tunadhani tumeona sababu. Ibn Rushd, katika karne iliyofuata, akamjibu kwamba anayeziondoa sababu ameiondoa akili yenyewe. Naye Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274 na ambaye mapadri wa Kilema walimsoma seminarini kabla hawajapanda merikebu, alifundisha kwamba Mungu hutenda kwa mikono ya sababu alizoziumba, akazipa heshima ya kuwa sababu kweli. Waislamu wa mwambao, na wa Moshi waliofundishwa nao, wamelelewa katika itikadi ya Ashari, iliyo upande wa Ghazali. Wakatoliki wa Kilema wamelelewa upande wa Tomaso. Na siku ya soko wanakutana Himo wakiwa na nadharia mbili zinazopingana juu ya asili ya kila kitu, wakaafikiana bei ya mkungu bila taabu yoyote.

Mimi naegemea kwa Tomaso na Ibn Rushd, walakini Ghazali simwachi kabisa, kwa kuwa ananikinga na kosa la kuufanya mkwaruzo kuwa mungu mdogo mwenye makusudi. Tena hata kwa njia yake yeye jambo haligeuki. Ikiwa kila kuungua na kila kunyesha kunaumbwa moja kwa moja, kunaumbwa kwa kufuata ada, na ada hiyo ni thabiti mno hata Ekman aliweza kuiandika kwa hesabu akiwa mbali nasi. Na kilicho thabiti kwa wote hakiwezi kuwa barua kwa mtu mmoja. Anayetaka kuisoma ghadhabu ya Mungu katika kimbunga hana budi kuthibitisha kwamba siku ile ada ilivunjwa kwa ajili ya mji ule. Mwaka 1872 haikuvunjwa. Mwezi wa Aprili 2021 kimbunga Jobo kilipokuwa kikija upande wa Dar es Salaam, nacho kikapungua nguvu kingali baharini, haikuvunjwa vilevile; na shukrani, ambayo naiunga mkono kwa moyo wote, haitulazimishi kudhani kwamba miaka miwili kabla watu wa Cabo Delgado kule Msumbiji, waliopigwa na kimbunga Kenneth, walikuwa na mioyo migumu kuliko yetu.

Kuomba mvua ni jambo jingine, na nasikitika kwamba wasomi wetu wa leo huyachanganya. Katika sala ya istiska imamu hugeuza shuka yake, upande wa kulia ukawa kushoto, na hakuna mzee timamu katika safu anayedhani kwamba nguo ile inauvuta ukanda mvua kutoka kusini. Wakatoliki wa Kilema nao huitolea misa nia hiyo masika yakichelewa, na padri hamwambii mtu kwamba misa ni mashine. Mwombaji anakiri kwamba hajui na kwamba anahitaji. Mhubiri wa ghadhabu anadai kwamba amelifungua faili na kulisoma. Wa kwanza anaweza kusimama mbele ya hesabu yoyote ya upepo bila aibu, kwa maana hakutoa dai juu yake. Wa pili ametoa dai juu ya sababu, na dai juu ya sababu hupimwa kwa ushahidi, awe amevaa kanzu au kasula.

Lakini iko sehemu ya mkwaruzo ambayo haikuachwa kwa ada peke yake, nayo ni ile iliyo mikononi mwetu. Mteremko wenye msitu unaukwaruza upepo kwa namna moja, na mteremko ulioungua kwa namna nyingine. Miti ya juu, iliyovaa ndevu za kuvumwani, huyachuja mawingu yapitayo na kuyadondosha maji hata siku ambayo mvua haikunyesha, na maji hayo ndiyo yanayofika kwenye mifongo, yaani mifereji ya wenyeji, na mito ya chini. Moto uliozuka mlimani Oktoba 2020, na mwingine Oktoba 2022, uliteketeza eneo kubwa la vichaka vya juu, na moto wa mlima si mara nyingi hutoka mbinguni. Sioni ajabu kwamba khutuba nyingi hutolewa juu ya dhambi zinazofukuza mvua, na chache mno juu ya msumeno. Dhambi za siri zina mvuto wake kwa msikilizaji, na msumeno, aghalabu, ni wa mtu aliyeketi safu ya mbele.

Najua kwamba hoja yangu, ikisukumwa mbali, inafika mahali nisipopataka. Leibniz, Mjerumani, aliandika mwaka 1710 kwamba dunia hii ndiyo bora kuliko zote zilizowezekana, na mtu anaweza kunishika hapa akasema: wewe nawe umethibitisha hivyo, kwamba pasipo mkwaruzo hapana mvua, na kwamba kimbunga ni gharama ya masika. Nimethibitisha nusu yake tu. Katikati ya Aprili 1952 kimbunga kilipanda Lindi na kuua watu 34. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake zikamwagika Kilwa na Lindi. Mama aliyempoteza mtoto Lindi, nikimwendea na hesabu ya Ekman kumweleza kwamba upepo uliomwulia mwanawe ni ndugu wa ule unaowapa watu wa Kilema mvua ya kahawa, nimemwambia kweli, na kweli hiyo ni matusi. Elimu ya sababu imemwondolea mzigo mmoja, ule wa kudhani kwamba aliadhibiwa, na mzigo huo si mdogo. Malalamiko yake yamebaki mahali pake, nami sina cha kuyajibu, wala sidhani yanapaswa kujibiwa na mtu ambaye nyumba yake haikuanguka.

Nabii Ayubu, ambaye Waislamu humtaja kwa subira yake na Wakristo wana kitabu kizima juu yake, alifiwa na watoto wake wote, kwa kadiri ya kitabu hicho, pale upepo mkuu kutoka jangwani ulipozipiga pembe nne za nyumba kwa mara moja, na yeyote aliyekitazama kisulisuli cha Himo anajua ni upepo wa namna gani unaoweza kufanya hivyo. Rafiki zake walikuja, wakaketi naye siku saba bila kunena, na hilo ndilo jema walilolifanya. Kisha wakafumbua vinywa wakamweleza, kwa ufasaha mkubwa na kwa sura nyingi, kwamba hapana apigwaye bila kosa. Ayubu akakataa, akalalamika, akamtaka Mungu aje wahojiane. Mungu akaja, akasema kutoka ndani ya dhoruba, akauliza juu ya theluji na mvua na umeme maswali ambayo hakuna aliyeweza kuyajibu, na juu ya upepo ule wa jangwani hakusema lolote. Halafu ghadhabu yake ikawashukia wale rafiki waliokuwa wakimtetea, kwamba hawakunena yaliyo sawa, wakaamriwa waende kwa Ayubu, mlalamikaji, awaombee. Msomaji wa kitabu huambiwa tangu sura ya kwanza kwamba upepo ule haukuletwa na dhambi ya mtu yeyote. Ayubu mwenyewe, hata baada ya kurudishiwa mali na kupata watoto wengine, hakuambiwa.